Kunuka Petroli Siyo Kuiba Petroli

  Leo nina jambo la kukiri mbele ya kadamnasi. Kwa siku kumi mfululizo nilikuwa nanuka petroli. Siyo ile harufu ya mtu aliyepita sheli kujaza pikipiki akaendelea na hamsini zake, la hasha! Nilikuwa nanuka kama pipa.

Aliyenifumbua macho ni laazizi wangu. Jumamosi moja tumekaa zetu pale Mwenge, soda baridi mezani, mimi nimejipigilia shati jipya na manukato ya kutosha. Nikamsogelea nimnong'oneze mawili matatu. Mtoto akavuta kiti nyuma. Nikasogea tena, akavuta tena. Mwisho akaniuliza, "Samahani lakini, siku hizi unauza mafuta ya magendo?"

Wacha wee! Soda ikanipalia, ikatokea puani. Lakini kilichoniuma siyo aibu ile. Kilichoniuma ni kwamba swali la aina hiyo hiyo, siku chache kabla, lilikuwa limemfukuzisha mtu kazi. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza kimya kama maji ya mtungini.

Sasa tuanze mwanzo. Mjomba wangu ana pikapu ya Kijapani ya mwaka 1991, ya petroli, yenye kabureta. Ndiyo inayotulisha pale nyumbani. Alfajiri inabeba ndizi kutoka Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kwenda kwa wateja wa Kimara na Mbezi. Mchana inabeba chochote kinacholipa: kabati, mifuko ya saruji, hata bwana harusi imeshawahi kumbeba. Utingo wake alikuwa kijana mmoja tunayemwita Dogo, mpole, mchapakazi, anaamka kabla ya jogoo. Mjomba na mwenye mzigo wanakaa mbele, Dogo anakaa nyuma kwenye kona ya bodi, pale pale juu ya shingo ya tanki la mafuta. Ikumbuke kona hiyo, tutairudia.

Mwaka jana gari lilipelekwa kwa fundi mmoja, jina kapuni, likafanyiwe matengenezo ya kawaida. Fundi kufungua boneti akakuta kopo jeusi, ukubwa kama wa kopo la Blue Band la kilo moja, lina mipira mitatu imechomekwa juu. "Mzee, hili ni mambo ya Wazungu ya kutunza hewa," akamwambia mjomba. "Huku Bongo halina kazi, linakula nafasi tu." Akaling'oa. Ule mpira uliokuwa unatoka kwenye tanki akauchomeka bolti mdomoni, akakaza kwa waya, akapangusa mikono. Kazi kwisha.

Mwezi haujaisha, mjomba naye akasahau mfuniko wa tanki juu ya paa la gari baada ya kujaza mafuta. Huo ukaenda na maji. Akanunua mwingine wa kubahatisha, unabana kisawasawa, akafurahi kwamba hata tone halitatoka.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Gari linatoka Mabibo safi kabisa, likifika Kimara linakohoa mara mbili, linazima. Mnashuka, mnasukuma pembeni, mnaangalia hiki na kile. Mjomba anafungua mfuniko wa tanki kuhakikisha mafuta yamo, unasikia "fyuuu!" kama tairi linalovuta pumzi, basi ukiwasha gari linawaka kama halijafanya kosa! Watu wakasema limepata moto. Wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Mjomba akabadilisha plagi, akabadilisha chujio la mafuta, mwisho akanunua na pampu mpya ya mafuta. Mshiko ukateketea, gari likaendelea kuzima.

Halafu siku moja likaacha lenyewe. Mjomba akaisifu ile pampu kijiwe kizima. Hakuna aliyejiuliza kwa nini wiki ile ile gari lilipopona ndipo harufu ya petroli ilipoanza.

Mjomba akijaza tanki, robo ya kwanza ilikuwa inaisha haraka kuliko robo nyingine zote. Na Dogo alikuwa ananuka petroli nguo, nywele, mpaka mkoba wake wa chakula. Mjomba akajumlisha moja na moja akapata kumi na moja. Jioni ya siku ya malipo, mbele ya watu wote pale kijiweni, akamwambia, "Unanifyonzea mafuta. Harufu hiyo ndiyo shahidi." Dogo akaapa kwa jina la mama yake. Mjomba hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Akamfukuza, na pesa ya wiki mbili akamkatia kufidia mafuta.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi hapo hapo, nakula karanga. Moyoni nilijua Dogo siyo mtu wa mambo hayo. Lakini mjomba ndiye anayenilisha, si unajua tena? Nikaangalia karanga zangu.

Kesho yake nani akapewa kazi ya utingo? Mimi mwandishi wenu, kidato cha nne na kalamu yangu mfukoni. Nikakaa kwenye kona ile ile ya bodi. Siku ya saba ndiyo ile Jumamosi ya Mwenge.

Nilipotoka Mwenge sikulala. Nikajisemea moyoni: mimi sijafyonza hata tone, na nanuka. Basi na Dogo alikuwa ananuka bila kufyonza. Asubuhi nikamweleza mjomba. Alinuna kwanza, akanywa chai yote bila kusema kitu, halafu akainama akanusa bega la shati langu. Akanyanyuka. "Twende kwa Mzee Spana," akasema.

Mzee Spana ni fundi wa zamani kule Manzese, mtu wa maneno machache. Tulimkuta anakunywa kahawa. Mimi nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Hakuitika. Alikuwa anaitazama sigara ya mjomba. Akasema neno moja tu: "Izime." Halafu akaonyesha jiko la mkaa la kijana wa chipsi lililokuwa hatua chache kutoka pale. "Na gari lirudisheni kule nyuma, mbali na moto. Ndipo tusalimiane."

Msomaji wangu, hapo nilipata somo la kwanza. Kinachowaka haraka siyo petroli yenyewe bali mvuke wake, na mvuke huo unatoka hata kwenye ubaridi wa nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Dar! Tena ni mzito kuliko hewa. Haupai juu kama moshi, unashuka, unatambaa chini mpaka ukutane na cheche. Na sisi usiku tulikuwa tunaegesha ubavuni mwa jiko la mama ntilie. Nilipokumbuka mkasa wa Msamvu, Morogoro, wa Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota na moto ukaua zaidi ya watu 100, miguu iliniisha nguvu. Achilia mbali kwamba kwenye petroli kuna benzini, ambayo inasababisha saratani kwa mtu anayeivuta muda mrefu. Dogo aliivuta miezi.

Mzee Spana hakushika spana. Alianza kwa maswali, kama daktari. "Harufu inazidi tanki likiwa tele au likikaribia kuisha? Asubuhi au juani? Mlipata kubadilisha nini kabla haijaanza?" Tukamjibu: likiwa tele, na juani. Alipouliza ya tatu mjomba akataja pampu. Mimi nikakumbuka kopo jeusi na mfuniko. Mzee akatikisa kichwa, akacheka peke yake. "Mmeliziba gari pua," akasema, "halafu mnashangaa linahema kwa ubavuni."

Sikiliza maelezo yake, maana yalinikaa. Tanki la mafuta linapumua. Jua likipiga, petroli inageuka mvuke na mvuke unataka kutoka. Mafuta yakitumika, nafasi inabaki na hewa inataka kuingia. Zamani mvuke uliachiwa tu hewani. Halafu huko Los Angeles, Marekani, kwenye miaka ya mwanzo ya 1950, mkemia mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, akaonyesha kwamba ule ukungu uliokuwa unawatoa watu machozi ulitokana na mvuke wa petroli na moshi wa magari kupikwa na jua. Jimbo la California likawalazimisha watengenezaji kuukamata mvuke huo kuanzia magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa magari ya mwaka 1971. Wajapani nao wakaweka.

Wanaukamata kwa nini? Kwa mkaa! Ndani ya lile kopo mna mkaa maalumu wenye vijitundu vidogo visivyohesabika. Gari likisimama, mvuke unatoka kwenye tanki kwa mpira, unaingia koponi, unanaswa na mkaa. Gari likitembea na injini ikiwa ya moto, injini inavuta hewa safi kupitia chini ya kopo, hewa inaubeba ule mvuke kwenda kuchomwa kama mafuta mengine. Yaani kitu ambacho fundi wetu alisema ni cha Wazungu kinakurudishia kidogo chako kwenye injini badala ya kukitupa kwenye nguo za utingo.

Sasa uone mkasa wetu ulivyojipanga. Bolti iliziba njia ya kopo. Mfuniko mpya haukuwa na kile kivalvu kidogo ambacho mfuniko wa asili unacho, kinachoruhusu hewa kuingia tanki likivuta. Tanki likawa chupa iliyozibwa. Pampu ikinyonya mafuta, tanki linanyonya kwa ndani, mwisho pampu inashindwa na gari linazima. Ukifungua mfuniko, "fyuuu," hewa inaingia, gari linawaka. Pampu ya zamani haikuwa na kosa lolote.

"Na kwa nini liliacha kuzima?" mjomba akauliza kwa sauti ya mtu anayehesabu pesa alizopoteza.

Mzee Spana akachanganya sabuni ya unga na maji kwenye kikopo, akapiga povu. Gari lilikuwa limekaa juani kama saa moja, mfuniko umefungwa, injini imezimwa. Akajipenyeza chini ya bodi, kwenye ile kona yangu na ya Dogo, akapaka povu kwenye mipira ya shingo ya tanki. Pale ipo miwili: mkubwa wa kujazia mafuta, na mdogo wa kupitishia hewa unaokwenda sambamba nao. Kwenye mpira mdogo, upande wa juu, karibu na klipu, povu likaanza kuchemka lenyewe: blu, blu, blu.

Mpira ulikuwa umepasuka kwa uzee na kwa kule kuvutwa na kusukumwa. Ulipopasuka, tanki likapata pa kuhemea. Gari likaacha kuzima, harufu ikaanza. Na tanki likiwa tele, kila kona na kila tuta petroli yenyewe ilikuwa inaruka pale, ikimlowanisha aliyekaa juu yake. Yakishuka kidogo hayaufikii tena mpasuko. Ndiyo ile robo ya kwanza iliyokuwa "inaibiwa".

Mjomba alikaa chini kwenye tairi kuukuu. Hakusema neno.

Nikauliza kama tubadilishe ule mpira basi tuondoke zetu. Mzee akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, ukiweka mpira mpya peke yake, kesho mtasukuma gari Kimara. Rudisheni pua kwanza." Basi tukaenda Gerezani kwenye spea za mitumba. Kuna mambo manne aliyotuelekeza kuhusu kopo, na mimi nayaandika kwa faida ya kila mwenye pikapu ya kizee:

Kwanza, litikise. Likimwaga chembe nyeusi, mkaa umepasuka ndani, liache hapo hapo. Pili, linyanyue. Likiwa zito na linacheza maji, limeshalewa petroli. Tatu, pitisha upepo mdogo wa pampu ya baiskeli, siyo mdomo wako, kwenye tundu la kutoka tankini. Upepo upite bila kubanwa. Ukigoma, limeziba. Nne, usikubali kuuziwa lililooshwa. Mkaa haufuliwi.

La kwanza lilimwaga unga mweusi kwenye viatu vyangu, la pili liliziba, la tatu likawa zima. Tukachukua na mfuniko wa aina yake wenye mpira mzima ndani, na mpira wa mafuta uliotengenezwa kwa ajili ya petroli. Usiweke mpira wa bustani, ndugu yangu, petroli inautafuna.

Mzee akafunga, akang'oa ile bolti na kunikabidhi kama kumbukumbu. Kisha akapima njia ya kwenda injini. Injini ikiwa ya baridi, akaweka kidole kwenye mpira unaotoka kwenye injini: hakuna mvuto. Ilipopata moto akaniambia nikanyage mafuta kidogo, kidole kikavutwa. "Hapo sawa," akasema. "Ingekuwa inavuta wakati wote, ingekula mafuta na kutetemeka ikiwa sailensa." Povu likapakwa tena. Kimya. Hata povu moja halikunyanyuka.

Wenye magari ya kisasa nao wasijione wamepona. Kwao mlango huo unafunguliwa na valvu ya umeme. Ikikwama wazi, gari linagoma kuwaka pale pale sheli baada ya kujaza. Taa ya injini ikiwaka na mashine ikasoma P0442 au P0455, hizo ni habari za mvuke kuvuja. Anza na mfuniko wa tanki kabla hujavunja kibubu. Na wewe unayemwambia mhudumu "ongeza, ongeza mpaka shingoni" wakati bomba limeshajikata lenyewe, unalimwagia kopo lako petroli ya maji. Mkaa ukilowa, kwisha habari yake.

Jioni ile tulikwenda kumtafuta Dogo. Tukamkuta anaosha magari huko Sinza, suruali kaikunja magotini. Mjomba akamtolea pesa zake za wiki mbili na nyongeza juu, akaanza kujiumauma. Dogo akazihesabu polepole, akazitia mfukoni. Akasema, "Mjomba, ningekuwa mwizi ningenuka pesa, siyo petroli." Halafu akaongeza, "Pesa nimepokea. Lakini uliniita mwizi mbele ya watu. Ukasemee pale pale."

Mjomba wangu ni mtu mzima, ana mvi, na pale kijiweni anaitwa mwenyekiti. Usiku ule alisimama mbele ya benchi zote, mpira uliopasuka mkononi, akaeleza mwanzo hadi mwisho na kusema, "Nilimwonea huyu kijana." Watu kimya. Na mimi nikasimama, nikasema kwamba siku ile nilikuwepo na nilinyamaza. Ilikuwa ngumu kuliko kuvutiwa kiti Mwenge, nakwambia ukweli.

Kurudi kazini Dogo alikataa. Alisema kwenye kuosha magari angalau ananuka sabuni. Kwa hiyo mimi ndiye bado utingo wa pikapu, nakaa kwenye kona ile ile, ila sasa nanuka ndizi tu. Laazizi amekubali kurudisha kiti mbele, japo hunusa kwanza.

Basi, msomaji wangu, ukisikia harufu ya petroli kwenye gari lenu, kagua mpira kabla hujamkagua mtu. Na mtu akisingiziwa mbele yako, weka karanga chini. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo. Kwaheri ya kuonana!